Elfu kumi imetoa uniti 15: mita inaniibia?

*“Habari fundi. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga lakini mita naitumia peke yangu na familia yangu. Mpaka mwanzoni mwa 2024 nilikuwa naweka 10,500 napata uniti 73 na ushee, na hizo zilikuwa za mwezi mzima. Mwaka huohuo nikanunua difriza ya mtumba ya kugandishia barafu za kuuza, tukafunga na pampu ya kisima. Siku hizi 10,000 inanipa uniti 28, na siku ya nne zimeisha. Kilichonivunja moyo zaidi ni Mei. Nilikuwa Tanga namuuguza mama tangu mwishoni mwa Februari, nyumba imefungwa. Niliporudi nikaweka 10,000, ikatoa uniti 15.4! Jirani anasema tangu tulipoingiza zile tarakimu 60 mita zote zimeongezwa mwendo. Kuna fundi hapa mtaani anataka 50,000 aipunguze kasi, na mume wangu anasema tukubali. Nifanye nini?”*

Dada yangu, kwanza kabisa msimpe mtu huyo elfu hamsini. Nitarudi kwake baadaye. Pili, pole na uuguzi. Kurudi nyumbani umechoka ukakuta elfu kumi imegeuka uniti 15 kunaudhi, na sikushangai ukihisi umeibiwa.

Swali lako limebeba malalamiko mawili, na ukiyachanganya hutapata jibu popote, hata ofisini. La kwanza ni kwamba pesa ileile inaleta uniti chache kuliko zamani. La pili ni kwamba uniti zikishaingia, zinaisha haraka. La kwanza linajibiwa na risiti, la pili linajibiwa na mita, nyaya na vyombo vyako. Karibu kila mtu anayelalamika kwamba “luku inakula”, yaani mita ya kulipia kabla, ameyafunga haya mawili fundo moja.

Kinachoyatenganisha ni hiki: mita yako haijui bei. Unaponunua umeme, hesabu yote ya pesa inafanyika kwenye mfumo wa mauzo wa TANESCO, shirika la umeme, kabla hujapata namba. Makato yakishatolewa na kodi zikishatozwa, kinachobaki kinageuzwa kuwa uniti, na idadi hiyo ya uniti ndiyo inayofichwa ndani ya tokeni ya tarakimu 20. Tokeni inafungwa kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake, ndiyo maana ukiiingiza kwenye mita ya jirani inakataliwa, na ukiirudia kwenye yako inakuambia imeshatumika. Muuza mchele akipandisha bei, kisado chake hakipati habari. Kinaendelea kupima kisado kilekile. Mita nayo ni hivyohivyo. Ikipokea tokeni ya uniti 15.4 inaongeza 15.4 kwenye salio, basi. Kwa hiyo uniti 15.4 za Mei hazikupunjwa na mita. Zilitoka kwenye mauzo zikiwa 15.4, na tunaweza kuona zilipatikanaje.

Tuanze na zile 73 za zamani. Kwa bei za TANESCO zilizoanza kutumika Aprili 2016 yapo makundi mawili yanayomhusu mtu wa nyumbani. Kundi D1 ni la wateja wa majumbani ambao wastani wa matumizi yao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Wanalipa shilingi 100 kwa uniti, na zile wanazonunua juu ya 75 ndani ya mwezi zinakuwa 350 kila moja. Kundi T1 ni la matumizi ya kawaida, nyumba na biashara ndogondogo, shilingi 292 kwa uniti, iwe ya kwanza au ya mwisho. Juu ya bei hizo kuna kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 kwa ajili ya umeme vijijini, na tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1. Jumla asilimia 22.

Chukua 10,500 yako ya zamani, ondoa 1,500 ya kodi ya majengo ya mwezi, ambayo nitaieleza hapo chini, inabaki 9,000. Igawanye kwa 1.22, unapata umeme wa shilingi 7,377. Kwa shilingi 100 kila uniti, ni uniti 73.8. Ulikuwa D1, hakuna ubishi.

Sasa chukua 10,000 ya siku hizi, unayoweka wakati kodi ya majengo ya mwezi imeshakatwa. Umeme wenyewe ni 8,196.72, VAT 1,475.41, REA 245.90, EWURA 81.97, jumlisha, ni 10,000 kamili. Gawanya 8,196.72 kwa 292, unapata uniti 28.07. Umehamishiwa T1. Bei ya umeme haikupanda mwaka ule. Wewe ndiye uliyetoka kundi moja ukaingia jingine, kwa sababu mfumo uliona unanunua zaidi ya uniti 75 kwa mwezi kwa muda. Hakuna aliyekuja kukugongea mlango kukuambia, na hapo nakubaliana nawe kwamba mteja alistahili taarifa. Lakini siyo kosa la mita, na siyo wizi.

Mei sasa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Inakatwa unaponunua umeme kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi, na mwezi usiponunua haisamehewi, inakusubiri. Wewe ulifunga nyumba mwishoni mwa Februari, ukanunua tena Mei. Machi, Aprili na Mei ni miezi mitatu, 4,500. Ikabaki 5,500. Gawanya kwa 1.22, kisha kwa 292: uniti 15.44. Imekaa sawasawa mpaka desimali.

Hapohapo ndipo inapozaliwa imani kwamba mita au mfumo “una siku zake”. Mtu akinunua 10,000 tarehe 3 anapata uniti 23.9, akinunua 10,000 tarehe 20 mwezi huohuo anapata 28.1, anahitimisha kwamba mwanzo wa mwezi umeme ni ghali. Si ghali, ni 1,500 ya kodi imetangulia. Vilevile kwa mtu wa T1 hakuna faida ya kununua kwa mkupuo wala hasara ya kununua kidogokidogo. Elfu mbili mara tano au elfu kumi mara moja, uniti ni zilezile, ukiacha ada ya muamala ya mtandao wako wa simu kama ipo. Kwa D1 ndiyo kuna hesabu: kodi ya majengo ikishakatwa, 9,150 inanunua uniti 75 za bei nafuu, na kila shilingi unayoongeza juu ya hapo ndani ya mwezi inanunua uniti za shilingi 427 pamoja na kodi. Mwezi ukigeuka, hesabu inaanza upya.

Kuhusu hiyo kodi, ijue haki yako. Ni ya mwenye jengo, wewe mpangaji unaitanguliza tu kwa sababu mita iko mikononi mwako. Tunza meseji za manunuzi zinazoonyesha makato, mpelekee mwenye nyumba siku ya kulipa pango, mkubaliane akupunguzie. Elfu kumi na nane kwa mwaka si pesa ya kumwachia mtu kwa aibu. Na kama nyumba moja ina mita mbili au tatu na kila moja inakatwa kodi, hapo kuna kosa la kweli. Kodi ni ya jengo, haiendi kwa idadi ya mita. Mwenye nyumba aende TRA, mamlaka ya mapato, na namba za mita zote ili ibaki moja. Mzee wa miaka 60 na kuendelea anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe naye ana mlango wa msamaha, hukohuko TRA.

Angalia pia kwenye risiti kama kuna mstari wa deni. Deni hufuata mita, halimfuati mtu. Mpangaji aliyekutangulia akiacha faini au mkopo wa kuunganishiwa umeme, wewe ndiye utakayeona makato. Kwenye hesabu zako sioni dalili ya deni, maana namba zimekubali bila hilo. Lakini yeyote anayehamia nyumba mpya anunue umeme wa elfu moja au mbili kwanza, asome makato, ndipo alipe pango la miezi sita.

Nimwongelee kidogo jirani yako na tarakimu 60. Hajatunga, zilikuwapo kweli, ila amezielewa vibaya. Mita za aina hii duniani kote zinafuata kanuni moja ya tokeni, na ndani ya kila tokeni kuna saa: idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16.7 hivi, na zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeboreshwa kabla ya siku hiyo ingeanza kukataa tokeni mpya. Ndiyo maana mlipewa makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza yalibadilisha ufunguo wa siri na kuhamisha saa, la tatu lilikuwa umeme wenu mlionunua. Wakenya, Waganda na wengine wengi wenye mita kama hizi walipitia zoezi hilohilo. Sehemu ya mita inayopima umeme ni nyingine kabisa, na hakuna tarakimu za kwenye rimoti zinazoifikia. Wewe mwaka 2024 uliingiza tarakimu 60, ukanunua difriza, ukafunga pampu. Kati ya hayo matatu, mawili yanakula umeme.

Sasa kasi.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Kila chombo kina kibandiko cha wati, hivyo hesabu si ngumu. Nimejaribu kukadiria nyumba yako kwa siku: friji dogo uniti 1, feni mbili za wati 60 zikizunguka saa kumi uniti 1.2, televisheni nusu, taa sita za LED uniti 0.3, pasi robo saa au dakika ishirini uniti 0.3, pampu ya wati 750 ikisukuma maji saa nzima uniti 0.75. Difriza ya mtumba, inayofunguliwa kila mteja anapogonga na kujazwa maji ya vuguvugu kila asubuhi, naiwekea uniti 3. Jumla ni uniti 7 na kidogo. Uniti 28 gawa kwa 7 ni siku nne.

Huo ni ukadiriaji wa mtu ambaye hajaiona nyumba yako. Huenda difriza inakula mbili, huenda nne. Lakini nimeuweka ili uone kwamba siku nne si muujiza wala si lazima mita iwe mbovu. Bado una haki ya kuhakikisha, na unaweza kuhakikisha wewe mwenyewe, bila kugusa waya hata mmoja.

Kwanza chukua daftari. Kila siku saa moja jioni andika salio la uniti lililo kwenye rimoti, kwa wiki moja. Siku mbili kati ya hizo zima difriza kabisa, uchomoe na plagi. Ukikuta siku ya kawaida zimekwenda uniti 7 na siku isiyo na difriza zimekwenda 4, umeshampata mlaji. Hii daftari ndiyo silaha yako kubwa hata ukienda kulalamika. Afisa anayesikia “zinaisha haraka” kila siku atakaa vizuri kwenye kiti akiona tarehe, saa na namba.

Pili, jaribio la usiku. Tazama mita yenyewe, siyo rimoti. Kama iko juu ya nguzo simama chini uangalie; kwa kawaida usiku ile taa nyekundu inaonekana vizuri. Inapepesa kila umeme unapopita, na kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa ndivyo inavyopepesa haraka. Zima mein swichi ya nyumba. Subiri dakika tano mpaka kumi. Taa isipopepesa tena, umeme wote unaopimwa unapita kwenye nyumba yako na kila kitu kiko chini ya swichi yako. Ikiendelea kupepesa huku mein swichi imezimwa, kuna kitu: ama mtu amejiunga kwenye waya unaotoka kwenye mita kuja kwako, ama waya huo unavuja mahali, ama mita ina kasoro. Usipande, usifukue. Rekodi video kwa simu, ionekane swichi imezimwa na taa inapepesa, uende nayo ofisini asubuhi.

Ikiwa ilisimama, washa mein swichi, kisha breka moja moja, huku vyombo vyote vimechomolewa na taa zimezimwa. Breka ambayo ukiiwasha tu taa ya mita inaamka wakati hakuna kinachotumika, njia yake inavuja. Mara nyingi ni waya ulioliwa na panya darini, au boksi la soketi ya nje lililoingia maji, au pampu. Pampu nisingeisahau. Bomba likivuja kidogo tu, pampu ya kujiwasha yenyewe inaamka usiku kucha kujaza kile kinachodondoka, na nyinyi mmelala. Ukiwa kitandani saa nane usiku ukasikia inaunguruma wakati hakuna aliyefungua maji, huhitaji fundi kukuambia.

Jaribio la tatu ndilo linaloipima mita yenyewe. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye uso wa mita, utaona kitu kama 1000 imp/kWh. Nyingine ni 1600 au 3200. Maana yake taa inapepesa mara 1,000 kwa uniti moja. Zima kila kitu ndani, acha birika la umeme peke yake, likiwa na maji baridi, na usome wati zake chini. Usitumie pasi, inajizima na kujiwasha. Tuseme birika ni la wati 2,000 na mita ni ya 1000. Washa, mwambie mume wako ahesabu mipepeso 20 wewe ukishika saa ya simu. Mita isiyo na kasoro itachukua sekunde 36.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Umeme wa mitaa mingi jioni unakuwa mdogo, na birika likipata umeme pungufu linakula wati pungufu. Volti zikishuka asilimia 10, wati zinashuka karibu asilimia 19, na mipepeso 20 itachukua sekunde 44 au 45. Hiyo ni kawaida, mita iko sawa. Ukipata sekunde 34 au 35 pia usiseme neno, kibandiko cha birika si mizani ya dhahabu. Ukipata sekunde 28, 29 au 30 kila unaporudia, na umerudia kwa birika jingine uliloazima, basi una hoja. Mita nzuri za majumbani hazitakiwi kukosea zaidi ya asilimia 1 au 2; asilimia 20 si jambo la kunyamazia. Niseme tu kwamba mita za aina hii zikiharibika, kwa kawaida huzima, hukataa tokeni au rimoti hupoteza mawasiliano. Mita inayoongeza kasi ipo, lakini ni adimu kuliko mtaa unavyoamini.

Kuna hali moja ambayo sitaki uifanyie jaribio lolote. Ukigusa friji, difriza au bomba la maji ukahisi kutekenywa na umeme, hata kidogo, hata ukiwa umevaa ndala, zima mein swichi uite fundi mwenye leseni ya EWURA siku hiyohiyo. Huo ni umeme unaovuja kwenda ardhini. Unakula uniti, ndiyo, kwa sababu mita nyingi za aina hii hupima waya wa kuleta na waya wa kurudisha na kufuata ulio mkubwa, lakini uniti ni jambo dogo hapo. Una watoto na maji ya barafu sakafuni.

Kuhusu fundi wa elfu hamsini. Mtaani wanaitwa vishoka, na jina wamelipata kihalali. Kitu pekee anachoweza kukufanyia ni kuvunja sili na kuupitisha umeme pembeni ya mita ili sehemu isipimwe. Kuchezea mita ni kosa chini ya Sheria ya Umeme ya 2008. Zaidi ya hapo mfumo unaona manunuzi yako. Nyumba iliyokuwa inanunua uniti 200 kwa mwezi ikishuka ghafla hadi 40 bila sababu, hiyo ndiyo nyumba wakaguzi wanayoitembelea, na bili ya umeme uliopotea wanaikadiria wao, pamoja na faini. Yeye atakuwa ameshahamia mtaa mwingine. Na ule waya aliounganisha kwa kuusokota kwa mkono ndio unaochoma nyumba usiku. Mwambie mume wako elfu hamsini hiyo inanunua uniti 140 halali.

Ukiwa na daftari na majaribio, na bado kuna kitu hakikai sawa, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako wewe mwenyewe. Usiishie kwenye simu. Beba namba ya mita, meseji za manunuzi za miezi mitatu minne, daftari na video. Usiseme “mita inakula”. Sema: “Naomba nijue niko kundi gani la bei na nilihamishwa lini. Naomba mita yangu ipimwe.” Pokea namba ya lalamiko, iandike, na uandike jina la aliyekuhudumia. Ofisi inaweza kufunga mita ya pili ya kulinganisha pembeni ya yako kwa siku kadhaa, na hicho ndicho kipimo kisicho na ubishi. Kiombe kwa jina hilo. Mtu akija nyumbani akidai ametumwa, kitambulisho kwanza, na piga simu ofisini kuthibitisha kabla hajagusa kitu.

Wakikuzungusha bila jibu, lalamiko linapelekwa EWURA kwa maandishi, ukiambatanisha namba ya lalamiko la kwanza. EWURA hawatakusikiliza ukianzia kwao moja kwa moja, watakurudisha, ndiyo maana ile namba ni muhimu. Kuna na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma, EWURA CCC, ambalo kazi yake ni kumsaidia mtu kama wewe kuandika na kufuatilia, bila malipo. Wasomaji wa Unguja na Pemba wenye TUKUZA, umeme wao wa kulipia kabla, waanzie ZECO, shirika lao la umeme; bei na makato yao ni mengine. Walio Kenya hesabu zangu za hapo juu zisiwapoteze pia. Kwao tozo za mafuta na za fedha za kigeni hubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo uniti kupungua kidogo bila kuhamishwa kundi ni jambo la kawaida.

Utaniuliza: naweza kurudi D1? Unaweza kuomba, na ofisi itaangalia wastani wako. Lakini uniti 75 kwa mwezi ni uniti mbili na nusu kwa siku, na difriza peke yake inaweza kuzimaliza. Kwa hesabu, unaelewa kwa nini hawakuachi ukae huko: uniti 210 kwa mwezi ungezipata kwa shilingi 66,800 hivi ukiwa D1, wakati T1 ni karibu 74,800. Kundi lile limewekwa kwa nyumba yenye taa, televisheni, feni na friji dogo, na kama siku moja utaacha biashara ya barafu, basi nenda ukaombe.

Kwa sasa ningekushauri uipigie difriza hesabu yake yenyewe kama unavyopigia maji na vifuko. Uniti 3 kwa siku kwa shilingi 356 ni kama 1,070. Angalia mpira wa mlango: bana noti katikati uufunge, ukivuta noti ikatoka bila kushikwa mpira umekufa, na kuubadilisha ni kazi ndogo. Isogeze mbali na ukuta na jua, acha maji yapoe usiku kucha kabla ya kuyaingiza, panga barafu za kuuza juu ili usifungue muda mrefu. Hayo yakishusha uniti 3 kuwa 2, ni karibu elfu kumi na moja kwa mwezi umeziokoa. Ukikuta barafu haziingizi faida juu ya hiyo 1,070 kwa siku, hata baada ya kurekebisha mpira, basi tatizo lako si luku, na difriza hiyo itafute mnunuzi kabla msimu wa joto haujaisha, maana ndipo zinaponunulika kwa bei.